Busu la Binti Hefti

Kabla ya kushuka kumpokea Reto, Vreni Hefti alipiga mswaki, akasukutua, akapiga mswaki tena, akausugua ulimi mpaka ukamwasha. Alikuwa ameoga. Nywele aliziosha kwa sabuni ya duka la dawa, ile isiyotiwa mafuta ya njugu, akazibana zikiwa bado mbichi. Nguo za kazini alizivua zote, na koti lake jeupe la kiwandani, akazisokomeza kwenye mfuko, akaufunga fundo la hasira na kuuteremsha chumba cha kufulia. Halafu akajitazama kwenye kioo. Alipendeza. Hata hivyo moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Mwenzangu, mapenzi ya watu wengine yana wivu, yana ufukara, yana wifi mwenye mdomo. Ya hawa wawili yalikuwa na njugu. Njugu za hazeli, vile vitu vidogo vya mviringo ambavyo baba yake Vreni, Mzee Fridolin Hefti, alivikaanga, akavisaga, akavichanganya na chokoleti, kisha akavipaka katikati ya kaki, zile biskuti nyembamba za tabaka tabaka zilizoanzishwa na babu yake kwenye jiko la mkewe. Kiwanda kilikuwa chini, nyumba ya wenyewe iko juu yake, na kijiji kizima cha bonde lile la Glarus kilinukia hazeli, hata kanisani.

Na Reto Caduff, dereva wa basi la njano la posta, mwanamume aliyempenda Vreni hadi watu wa bondeni wakachoka kuwasema, alikuwa na mzio wa hazeli. Usidhani ni mzio wa kupiga chafya na kujikuna. Utotoni alilamba kijiko cha shangazi yake, kijiko tu, akalala hospitali akipumulia mashine. Siku za kukaanga hazeli alipitisha basi pale kijijini na madirisha yamefungwa, abiria wakimtania kwamba anamkimbia mkwewe.

"Huyu kijana kazunguka Uswisi nzima," Mama Margrit alisema siku alipoambiwa, "hakuona msichana ila huyu wangu?"

Mzee Fridolin hakucheka. "Wewe ndiye mtoto wangu wa pekee. Kiwanda hiki utakiendesha wewe, hakuna mwingine. Sasa unaniletea mwanamume asiyeweza kula kaki yetu. Ataishije humu?"

"Tutaangalia, baba. Watu wanaishi na makubwa zaidi ya hayo."

"Ama atakukimbia, ama utamuua. Chagua."

Neno hilo lilimkaa Vreni kifuani kama mwiba wa samaki. Alijiwekea sheria akazishika kuliko za dini. Hakumgusa Reto siku ambayo jiko linawaka. Hakumbusu mpaka awe ameoga na kubadili kila kitu. Na kwenye mfuko wa koti lake la kazi alitembea kutwa na sindano ya dharura ya kufungua koo, pacha wa ile aliyotembea nayo Reto, iwapo lolote litatokea. Usiku aliota amemshika mkono, na mkono ule unavimba. Akiamka alimpigia simu asikie tu anavyopumua, kisha anamdanganya kwamba amekosea namba.

Leo ilikuwa Jumamosi, na jiko lilikuwa linawaka kwa ajili ya oda za Krismasi. Lakini Mama Margrit alikuwa amechoka na vita vya nyumbani. Alimwalika Reto kwa kahawa ya saa kumi, bila kumuuliza mumewe. Alinunua chombo kipya cha kuokea, akaoka keki ya tufaha, akatupa miko yote ya mbao, akasugua jiko, meza na vitasa vya milango. Tangu jana hakukanyaga kiwandani.

"Nimeosha hata paka," alimwambia binti yake. "Akija kufa mtu humu ndani, asife kwa sababu yangu."

"Mama, tafadhali usiseme hivyo."

"Natania. Nenda kamchukue, mvua itamlowesha."

Ngazi za nje zilikuwa zinateleza na Vreni alikuwa amevaa viatu vya kisigino, basi akashukia ndani, akapita ukumbi wa kiwanda wa kupakia kaki, akatokea uani. Kichwani mlikuwa na jambo moja tu, baba atasema nini.

Reto alisimama chini ya mwamvuli, na suti ya kaka yake ikimbana mabegani. Mkono mmoja maua, mkono mwingine hakujua aupeleke wapi. Alipomwona Vreni alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, la kwenye kioo cha basi, lililomfanya Vreni apitilize kituo chake majira yote ya kuchipua.

"Nimependeza au nimekuwa kama mpokea wageni wa hoteli?"

"Hoteli ya bei nafuu," Vreni alisema.

"Baba yako ananiitaje leo?"

"Bwana Caduff."

"Bado?"

"Bado. Na wewe usithubutu kumwita jina lake mpaka akuruhusu mwenyewe, siku hiyo ndiyo amekukubali. Mwite Bwana Hefti, hata kama nyumba inaungua."

"Mwaka mzima namchukua binti yake, bado mimi Bwana Caduff." Alizitazama zile ngazi. "Vreni, naogopa. Nimeshuka milima na theluji na breki zinalia, sijawahi kuogopa hivi."

"Hata mimi."

"Basi nipe busu moja nipate nguvu ya kupanda."

"Jiko linawaka leo."

"Umeoga?"

"Nimeoga."

"Mswaki?"

"Mpaka ulimi unauma."

"Umekula nini?"

"Kwa hofu hii? Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Alisema kweli, kwa jinsi alivyoijua kweli yenyewe. Reto akateremsha mwamvuli ukawafunika wote wawili. Alimtazama kwanza, kama ilivyo desturi yake, hakuwa mtu wa haraka. Wiki nzima hawakuwa wamegusana. Midomo ilipokutana, mvua ilisikika mbali, na kiwanda kikawa mbali, na maneno ya baba yake yakawa mbali. Alimshika kola ya suti ile ya kuazima akamvuta karibu. Busu halikuwa fupi. Sitasema lilikuwa refu kiasi gani, maana baadaye alijilaumu kwa kila kipande chake.

Wakapanda kwa ngazi za nje.

Mezani walikaa wanne. Mzee Fridolin alikuwa ametoka ofisini na shati lake la kazi, amenyoosha mgongo kama yuko mahakamani. Mama Margrit akamkatia mgeni keki.

"Haina hata punje, mwanangu. Kula bila wasiwasi."

"Asante, Bi Hefti."

"Bwana Caduff," mzee alianza, "nasikia umekuja na neno."

"Ndiyo, Bwana Hefti." Reto aliweka uma chini. Akajikuna mdomo wa chini. "Nimekuja kukuomba, mimi na Vreni..." Akakohoa kidogo. "Samahani. Naomba maji."

Vreni alimmiminia. Alimwona akinywa, akaona maji yanamwia mazito kumeza. Akaona doa jekundu shingoni, juu ya kola, pale pale alipomshika. 

"Reto?"

"Ni hofu tu." Lakini sauti haikuwa yake, ilikuwa imekwaruza. Akajikuna tena mdomo, na mdomo ulikuwa umenenepa. Kisha akageuka akamtazama. Hakukasirika. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Vreni, umekula nini?"

"Sijala kitu. Naapa. Keki, ni keki, mama ulitia nini humu?"

"Unga, siagi, mayai, tufaha," Mama Margrit alisema, tayari amesimama. "Hajaionja hata. Tazama."

Kipande cha keki kilikuwa kizima sahanini.

"Umekula," alisema Mzee Fridolin.

Wote wakamgeukia. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi.

"Nimekuona kwenye dirisha la ofisi. Ulipita ukumbini, ukachukua kaki kwenye mkanda wa mashine, ukaivunja."

Hapa lazima nikueleze, maana bila hili utamwona Vreni mwongo. Hefti hapiti kwenye mkanda wa kaki bila kuchukua moja, kuivunja karibu na sikio, na kutia nusu mdomoni. Kaki iliyoiva huvunjika kwa sauti kavu, mbichi hukaa kimya, na sikio la Hefti linajua. Babu alifanya hivyo. Mzee Fridolin alifanya hivyo huku anaongea na simu. Vreni alianza kabla hajajua kusoma, na kufikia umri ule mkono wake haukumwomba tena ruhusa. Waswahili tunasema mazoea yana taabu. Taabu yenyewe ndiyo hii.

"Sikuvunja," Vreni alisema. Akajitazama mkono wa kulia. Chini ya ukucha wa dole gumba palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia.

Vreni akaruka kusimama. 

"Sindano yako," alimwambia Reto. "Reto, sindano iko wapi?"

Reto alijipapasa kifuani, mfuko huu, mfuko ule. Suti ilikuwa ya kaka yake. Koti lake la udereva, na sindano ndani yake, lilikuwa limetundikwa kwenye basi, kituoni, ng'ambo ya mto. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Nyingine unayo wewe," alisema kwa shida.

Vreni alikuwa ameshafika mlangoni. Kisigino kimoja kilivunjika kwenye ngazi, akavua viatu akavitupa, akaendelea miguu mitupu. Chumba cha kufulia. Mfuko. Na lile fundo, lile fundo alilolifunga kwa hasira ili vumbi lisitoke, likagoma.  Akaling'ata kwa meno, akauchana mfuko, vumbi la hazeli likampanda usoni, akachakura mpaka akalishika koti, mfuko wa kulia, hamna, wa kushoto, ipo. Kila pumzi aliyovuta aliihesabu kwamba Reto anaikosa. Mungu wangu, alisema moyoni, usinisikilize kwa lolote maishani mwangu ila hili.

Aliporudi juu Reto alikuwa chini, mgongo ukutani, kola imefunguliwa. Macho yalikuwa yamevimba karibu kufumba. Kifua kilipanda, hakikushuka sawasawa, na kilitoa sauti ya filimbi. Mama alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Vreni alipiga magoti na sindano mkononi.

"Usimguse," baba yake alifoka. "Tazama mikono yako."

Akatazama. Mikono ilikuwa ya vumbi hadi kwenye viwiko. Akamnyooshea baba yake sindano, na mzee akarudi nyuma hatua, akaificha mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, maana tangu asubuhi alikuwa anazipima hazeli. Hebu wafikirie. Baba na mtoto, wenye nyumba, wenye jina lililoandikwa kwenye kila pakiti, wamesimama juu ya mtu anayekufa, na hakuna kati yao anayethubutu kumgusa.

"Niacheni mimi," alisema Mama Margrit.

Akaifunga ile sindano kwa taulo, akaifuta, akapiga goti. "Nifanyeje?"

"Toa kifuniko cha buluu. Gandamiza pajani, juu ya suruali. Kwa nguvu, mama. Usiitoe haraka."

"Nisamehe, mwanangu," alisema mama, akagandamiza.

Walingoja. Vreni amesimama katikati ya chumba, mikono ameiinua mbali na mwili wake kama si yake. Hakuweza kumshika Reto kichwa, hakuweza kumfuta jasho. Alichoweza ni kumwita.

"Reto, niko hapa. Reto, mimi hapa. Nisikie."

Filimbi ile ya kifuani ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Kisha Mzee Fridolin, ambaye kwa mwaka mzima hakumpa kijana huyu hata neno moja la upole, alichuchumaa karibu naye kadiri alivyothubutu.

"Reto. Mimi Fridolin. Unanisikia? Niite Fridolin. Vuta pumzi, mwanangu, halafu uniite."

Midomo ya Reto ilitikisika. Hakuna kilichotoka. Mzee akarudia, akarudia, machozi yakimwingia kwenye sharubu, mpaka king'ora kiliposikika barabarani.

Kwenye korido ya hospitali Vreni alinawa mikono hadi muuguzi akamfungia bomba. Walimpa nguo za hospitali avae. Baba yake alikaa kwenye benchi, akazunguka, akakaa tena.

"Daktari anasema koo limeanza kufunguka," alisema mzee. "Sindano ilimwahi."

"Nimesikia."

"Vreni, kuna jambo. Nilipokuona unavunja ile kaki..."

"Baba, si sasa."

"Ni sasa. Nilifurahi. Nilidhani umeamua. Nilijiambia, basi, amemwacha, amechagua nyumbani, anashuka kumwambia arudi kwao. Nikakaa kwenye kiti changu nikashukuru." Akaufunika uso. "Ningefungua dirisha tu nikakuita. Sikufungua."

Vreni alitaka kumchukia. Alimtafutia chuki moyoni akakosa, maana mahali pote palishajaa hofu. "Hukunibusisha wewe," alisema.

Muuguzi akaja akasema mgonjwa anamtaka.

Reto alikuwa ameegeshwa kwenye mito, bomba la hewa puani. Uso ulikuwa bado umevimba, jicho moja dogo kuliko jingine, lakini alikuwa anapumua, na Vreni alisimama mlangoni akaitazama ile shuka inavyopanda na kushuka. Hakuwahi kuona kitu kizuri kuliko shuka ile.

"Mbona umesimama huko," Reto alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi bado ni mzuri?"

"Mzuri wa hoteli ya bei nafuu." Akaanza kulia. "Nisamehe. Reto, nisamehe."

"Hukujua."

"Ndiyo ubaya wake. Ningekuwa nimejua, ningejizuia. Nilikuambia sijala, na niliamini. Sasa nitakuambiaje tena nimeoga, nimepiga mswaki, ukaniamini? Mimi mwenyewe sijiamini."

"Mimi nakuamini. Njoo hapa."

"Naogopa."

"Mimi siogopi. Nilikuwa nakufa na nilikuwa nakusikia unaniita. Nilisema, nikipona, nitamwoa huyu kesho, na baba yake apige kelele atakavyo. Njoo, Vreni."

Akaenda. Alikuwa amenawa hadi ngozi inachubuka, nguo za mwilini zilikuwa za hospitali, nywele amezifunika. Aliinama polepole, hakutaka mdomo, alitaka paji la uso tu, amguse pale aone kwamba ni wa moto na ni mzima.

Reto alijikwepesha.

Kidogo tu. Kichwa kiligeuka kwenye mto, bega likapanda, na mkono wake ukakamata chuma cha kitanda. Mtu mwingine asingeona. Lakini wao wawili walikuwa wamezoea kutazamana, na wote wawili waliona. Vreni alibaki ameinama, uso wake juu ya ule uso aliokuwa anaujua kuliko wake, na hakujua aende mbele au arudi nyuma.

"Sikukusudia," Reto alisema. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Vreni, haki ya Mungu sikukusudia. Mwili tu."

"Najua." Akajiinua taratibu. "Hata mimi sikukusudia."

Alivuta kiti akakiweka mbali kidogo na kitanda, mahali ambapo mkono wa mmoja haumfikii mwenzake, akakaa, akaikunja mikono yake mapajani. Nje ya dirisha mvua ilikuwa imekatika na mlima umefunguka, na kwingine kokote duniani watu wawili waliopendana hivi wangekuwa wamekumbatiana saa ile wakimshukuru Mungu.

"Usiondoke," Reto alisema.

"Siondoki," alisema Vreni, na kwa mara ya kwanza tangu wapendane hakujua kama anamdanganya.